Namba za Penseli Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu ameamka na cheo kipya: mtengeneza maudhui. Wiki iliyopita alikuwa mshona vifungo, na vifungo vyenyewe vilikuwa vinadondoka kabla mteja hajafika mlangoni. Sasa simu yake imeegemezwa kwenye kopo la bobini za cherehani, juu ya rafu ya nyuzi, na mimi naizunguka meza yangu ya kukatia kama mgeni. Eti nisipite mbele ya kamera, naharibu. Naharibu! Kwenye duka nililolifungua mwenyewe!

Wafuasi mia moja na kumi na wawili. Nusu yao ni binamu zetu.

Jumatano, 5 Machi

Amerekodi video moja mara kumi na nne. Anafundisha nini? Kutunga uzi kwenye sindano. Mara zote kumi na nne uzi umekataa. Nikamwambia, bila hata kuinua macho kwenye cherehani, kwamba sindano ina tundu moja tu na yeye analikwepa kama kalipwa. Akacheka, nikadhani yameisha. Kumbe kairusha hivyo hivyo, na sauti yangu ndani.

Jioni ananisomea komenti. Wanauliza huyo dada anayefoka nyuma ni nani. Wamenipa na jina: Dada Tepu, eti kama tepu ya kupimia. Watu wazima, wana familia, hawana kazi za kufanya.

Ijumaa, 7 Machi

Wafuasi elfu nne. Sijafanya lolote ila kulalamika. Anasema nina kipaji. Miaka yote mama alikiita mdomo mchafu.

Nimemwambia sitaki upuuzi wake. Baadaye nikauliza video yake mpya, ya kukunja pindo, imetazamwa na wangapi. Kutaka kujua tu.

Jumapili, 9 Machi

Duka limefungwa, tulikuwa tunapanga vitambaa. Akaokota daftari langu la vipimo, akauliza zile namba za penseli nyekundu ni za nini. Nikamweleza, maana ndiye atakayebaki na duka hili, Mungu atusaidie.

Mteja akija husema hajanenepa, umshonee kwa vipimo vya mwaka jana. Hubishani naye. Unaandika anachotaka kwa wino, mbele ya macho yake, anafurahi. Akishaondoka unaandika ulichokiona kwa penseli nyekundu, na hicho ndicho unachokata. Nguo inamkaa, anajisifia, wewe umenyamaza. Namba za wino ni za mteja, za penseli ni za kitambaa.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikanogewa. Nikafungua kurasa, nikaanza kumsomea. Wino thelathini na nne, penseli arobaini na moja — huyu kiuno chake kimehama bila kuaga!

Simu ilikuwa juu ya rafu muda wote. Najua inavyokaa ikiwa inarekodi. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Machi

Laki mbili wameitazama video ya daftari. Laki mbili! Na ukurasa unaonekana wazi, mwandiko wangu, herufi za mwanzo za majina. Huyo wa kiuno kilichohama ni Mwalimu Mkuu, mstaafu, mteja wangu wa kwanza kabisa, aliyeniletea walimu wenzake wote nilipokuwa sina hata kioo. Gauni lake liko kwenye hanga hapa. Jumamosi anamwoza bintiye.

Nimemwambia mdogo wangu aifute. Kanijibu ikifutwa leo tunarudi kwa binamu zetu. Nimemtukana vya kutosha. Lakini simu yake ilikuwa pale pale mezani, mikono ninayo, na sikuichukua.

Wateja watatu wamekuja kudai kuona kurasa zao. Mke wa mwenye nyumba ndiye aliyekasirika zaidi. Hayumo kwenye video.

Mwalimu Mkuu kimya. Nimempigia mara mbili, hapokei. Nikimpoteza huyu kwa ajili ya vicheko vya watu nisiowajua, basi mimi ni mjinga kuliko wote ninaowacheka.

Alhamisi, 13 Machi, saa tano asubuhi

Naandika haraka, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kwenye kurasa za mwisho za daftari la vipimo. Daftari langu la kumbukumbu liko nyumbani.

Mwalimu Mkuu amekuja. Yuko upande wa pili, kaketi kwenye stuli yangu. Nilijiandaa kwa matusi, hana hata moja. Aliuliza kwanza kama ile simu ya kwenye rafu imezimwa. Mdogo wangu akamjibu imezimwa, mwalimu. Ndipo akavua koti.

Ni dawa. Miezi minane anatumia dawa, zinamvimbisha mwili. Hajamwambia mtu, hata bintiye, hataki harusi igeuke msiba.

"Wewe peke yako ndiye uliyeona," akaniambia. "Kila mara unaongeza kitambaa na huniulizi kitu. Nilikuwa nakushukuru kimoyomoyo, mwanangu."

Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja. Kisha akaomba nimpime upya, mara hii kwa ukweli, ili Jumamosi apumue ndani ya gauni. Nikasema naenda kuchukua daftari nyuma ya pazia.

Simu yangu ilikuwa juu ya daftari, inawaka. Mdogo wangu yuko laivu. Nikafungua. Ni duka langu. Ni stuli yangu, na mgongo wa Mwalimu Mkuu, na sauti yake yote. Watu elfu tatu. Wanatuma mioyo. Wanaandika wanalia. Wanauliza Dada Tepu kaenda wapi, arudi aseme neno.

Hatua mbili tu nifike kwenye ile rafu. Nimekaa.

"Hujaliona daftari?" anauliza Mwalimu Mkuu.

Elfu tatu na mia sita.

Nimemjibu bado nalitafuta.