Kopo la Mchele wa Kanisa

Dada yangu mpenzi Thanzuali,

Salamu nyingi zikufikie hapo Champhai, wewe na shemeji na wajukuu. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila mvua imetufungia ndani. Barua hii nampa mwana wa jirani yangu Mama Mapuia, yule dereva, pamoja na nyama ya nguruwe niliyoikausha mwenyewe juu ya meko. Akikuambia ni kipande kimoja, mbane. Ni viwili.

Kwanza habari za mwanangu Chhani. Amemaliza chuo cha Biblia, wa pili darasa zima, na huyo wa kwanza ni mtoto wa mchungaji, basi jazia mwenyewe. Sasa ni mwinjilisti. Akianza kuimba, hata wapiga ngoma wanasahau kupiga. Vijiji vyote vinamwita atoe ule ushuhuda wake: alivyougua homa akiwa na miaka minne, daktari akakata tamaa, na mama yake akamlilia Yesu tu, si mwingine, mpaka mtoto akaomba uji. Watu hulia, dada. Mimi hukaa benchi la mbele, nimevaa nikavalika.

Sasa sikia ajabu. Ile konzi ya mchele tunayomtolea Bwana kila mara kabla ya kupika, kwenye kopo la kanisa? Tangu mwezi wa sita, kila nikiitia, kopo linagonga kutoka ndani. Ko, ko, ko. Nikadhani panya. Nikalimwaga: mchele mtupu. Nikatafuta kopo jingine, nalo likagonga. Mama Mapuia alikuja kunicheka, akasema labda mchele wangu umechoka kusikia sifa za Chhani. Lilipogonga mbele yake, alikimbia akaacha kiatu kimoja mlangoni kwangu.

Chhani akaja na wenzake wawili, wakafunga na kuomba siku tatu. Tukagundua jambo: akitia konzi Chhani, kimya. Akitia Mama Mapuia, kimya. Nikitia mimi, ko, ko, ko. Chhani akaniuliza taratibu, na yale macho ya marehemu baba yetu, kama kuna kitu nilichowahi kumpa mwingine asiyekuwa Bwana. Nikamwambia achunge mdomo, anaongea na mama wa mwinjilisti.

Siku ya tatu alifungua kinywa aombe, ikatoka pumzi tu. Sauti hakuna. Sauti ile, dada! Hapo kiburi kikaniisha, nikapiga magoti palepale jikoni.

Mwaka ule wa homa niliomba, kweli niliomba. Lakini pia nilichota konzi kwenye kopo la kanisa nikaipeleka kwenye jiwe jeusi la chemchemi, kwa huai, yule pepo waliyemlisha bibi zetu. Mtoto alipopona nikaogopa kuacha. Kila mwaka mvua zikianza, konzi moja, miaka ishirini. Mwaka huu sikupeleka. Niliona aibu, mama wa mwinjilisti kuonekana pale.

Chhani alilia. Kisha akacheka bila sauti, akaniandikia kwenye karatasi kwamba kumbe huai naye ni mshirika wa kanisa letu wa miaka ishirini, anakula sadaka tu. Chini yake akaandika swali: basi nani aliniponya?

Nilifikiri sana. Nikamwambia mmoja amekuja kudai, na mwingine hajawahi kunidai chochote. Nadhani ni huyo asiyedai.

Tukashikana mikono, nikalikana lile jiwe kwa jina la Yesu. Nikatia konzi. Kimya. Na Chhani, kwa sauti ya kukwaruza, akasema amina.

Ila amesema ushuhuda ule hatautoa tena mpaka niunyooshe mwenyewe mbele ya kanisa. Ni kesho, ibada ya asubuhi. Sijui nitaanzaje. Nguo nimeshapiga pasi.

Dada, wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka kwenye lile jiwe, nawe ulibeba konzi yako kwa ajili ya mwanao Rova. Kesho jina lako sitalitaja. Lakini nakuuliza kwa upendo: kopo lako limetulia?

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, na hilo goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rozami, mama Chhani