Kifuniko cha Mtambo wa Ostoja

Dada Ljubica,

Kaka Marinko, aliyetekwa Agosti, yu hai. Jirani yetu wa zamani Ostoja ndiye aliyetuambia jana, akipaza sauti kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Waserbia. Unakumbuka mtambo wa pombe ya plamu tulioshirikiana naye? Vita vilipotugawa, sufuria ilibaki kwake, kifuniko kwetu.

"Jirani Mara," alimwita mama, "plamu zangu zinaoza. Nipe kifuniko."

"Nipe mwanangu kwanza."

"Mchukue. Anakula kuliko kikosi kizima, halafu anasema pombe yangu ya mwaka jana ilikuwa maji."

"Ilikuwa maji kweli," mama akajibu, kisha akaketi chini akalia.

Makamanda wamekubali. Mama amekisugua kifuniko cha adui mpaka kinang'aa, na anadai chupa tano za pombe juu yake. Watabadilishana darajani Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mdogo wako,
Stipo