Nyumbani kwa Njia ya Sukari

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ukiacha kisukari, na usingizi ambao siku hizi unanipitia kama mgeni asiyetaka kukaa.

Nina siri. Usimwambie binti yangu, atanihamishia kwake kabla ya Ijumaa. Jioni nikijichoma insulini halafu nikaacha kula, usiku naenda nyumbani kwetu. Naingia kwa mlango wa nyuma. Mama yuko kwenye cherehani, ananitazama juu ya miwani, anasema, "Umechelewa." Basi. Nakaa sakafuni naokota nyuzi zilizodondoka, na kila kitu kina mwanga wa asubuhi. Naamka nimelowa jasho, neno "kijiko" limenitoka kabisa. Nakunywa chai yenye sukari, neno linarudi. Kijiko ni kitu gani mbele ya safari kama hiyo?

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Goti linalalamika kama mwenye nyumba. Barua yako nimekwenda nayo kliniki ninakopimwa presha. Nesi akauliza, "Huyu kaka yako ana miaka mingapi?" Nikasema sabini na sita. "Mwambie aache mchezo." Anasema hiyo si safari, ni sukari kuporomoka ukiwa umelala. Kila inaposhuka hivyo ubongo unashinda njaa, na kwa umri wako unachopoteza huenda kisirudi. Unaweza hata usiamke. Kula, mzee! Maisha yako yote umesahihisha vitabu vya watu, kosa hili hulioni?

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa sababu nilikununia. Nina miaka arobaini na moja huku ugenini. Njia ya kurudi niliyonayo ni hiyo moja, nawe unataka niifunge kwa sahani ya chakula.

Lakini sikufichi. Wiki iliyopita kiwanda cha uchapaji kiliniletea kurasa za kusahihisha, kama wanavyofanya kwa sisi wastaafu kazi ikiwazidi. Nilizipitia kwa kalamu nyekundu, nikajisifu. Mpanga kurasa akanipigia simu: "Mzee, maneno uliyoyakata yote yalikuwa sahihi." Alicheka kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alinirudishia kurasa nikazitazama. Nilikuwa nimekata "kesho" mara nne, na pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: neno hili halipo.

Najua linalonipasa. Ila mama, mdogo wangu. Nitamwachaje mara ya pili?

Kaka yako

25 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimelia, nimekasirika, sasa nimetulia.

Huyo mama wa ndotoni amewahi kukwambia jambo usilolijua? Hawezi, maana ni wewe mwenyewe unayemsemesha. Amekwambia kwamba ulipoondoka alianika godoro lako kila Jumamosi, miaka kumi na tisa, hadi alipofariki, na mvua ikitisha analikimbilia hilo kwanza, nguo zetu baadaye? Kwamba alijifunza kusoma uzeeni, kwangu, kwa ugomvi, ili barua zako asisomewe na mtu? Sikukuandikia hayo kwa sababu nilikuonea wivu. Ninayo mengi bado, miguu ndiyo imechoka, kichwa hakijachoka. Lakini siwezi kumwandikia mtu ambaye kwake kesho haipo.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na goti nalo lipe salamu. Nilimweleza daktari kila kitu, binti yangu akisikia. Daktari amepunguza dozi ya jioni. Binti anakuja kuisimamia na haondoki hadi sahani iwe tupu. Tunagombana kuhusu chumvi. Juzi ameleta mswaki wake, sijauliza.

Sasa nalala. Wiki tatu za usingizi mzito, mweupe, kama ukurasa usiopigwa chapa. Siendi popote. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza kama kuna aliyenifuata. Hakuna. Daktari hunitajia maneno matano, baada ya muda namrudishia matatu. Anasema mengine huenda yasirudi.

Kwa hiyo usichelewe kuniandikia hayo ya mama, usinihurumie, wala usiruke kitu. Anzia siku niliyoondoka. Nilipofika kona sikugeuka, niliogopa. Mama alikuwa mlangoni. Alisimama pale mpaka saa ngapi?

Kaka yako