Bulo ya Kamyo ya Kalonji

Mjukuu wangu Mireille,

Huku Likasi tuko wazima. Bibi yako mguu umepona, anakusalimia sana. Unaniuliza kama ukate ile bulo, ile bolti ya resori, springi ya gari yako, iliyoshikwa na kutu. Usiikate kwanza.

Mwaka ule watu wa Kasai walipoambiwa waondoke Katanga, kamyo iliyokuja kumbeba Kalonji, fundi mwenzangu wa Kasai, na familia yake, ilivunjika resori, ikakwama kwa bulo yenye kutu kama hiyo. Bulo nyingine haikuwepo mjini, basi ile ile ilipaswa itoke nzima na irudi mahali pake. Kalonji akaipasha moto kwa makala, akaiacha ipoe, akaimwagia mafuta ya mawese, kisha akaanza kwa kuikaza kidogo.

"Weye unakaza tena?" nikamuuliza.

"Iachane na kutu kwanza. Kisha itakuya yenyewe."

Ilipotoka nzima, watu waliokaa juu ya mizigo wakapiga makofi. Sisi wawili hatukupiga. Akatengeneza resori, kisha akanipa ufunguo wa bulo, minye niirudishe. Niliikaza polepole sana, maana ikiisha wataondoka, lakini niliikaza vizuri, wapate kufika.

Ni minye,
kambo yako