Nukta za Mwalimu

Jumanne, jioni

Kiraka cha Mwalimu, yaani mistari yake ya kurekebisha programu yangu, kimekataa kuingia mara tatu. Alinifundisha Kiswahili sekondari. Sasa amestaafu, yuko Laela, amejifunza kuandika programu, na marekebisho yake hunitumia kwa barua pepe. Nami nilikuwa na wasiwasi: kesho zahanati ya Mtowisa inachanja watoto, na programu niliyowaandikia haifungui orodha ya majina.

Nikampigia. "Shikamoo, Mwalimu. Mbona umeweka nukta mwisho wa kila mstari? Kompyuta inazikataa."

"Marahaba, mwanangu. Sentensi itaishaje bila nukta?"

Nikazifuta moja moja. Kiraka kikaingia, orodha ikafunguka, nikashusha pumzi.

Ndipo nikasoma maelezo aliyoambatanisha, ambayo huingia pamoja na kiraka na sasa yamehifadhiwa ndani ya programu milele: "Mwanafunzi wangu huyu alikuwa anasinzia darasani, ndiyo maana kosa hili lilimpita."