Chungu Chako Kimeoshwa

Mama,

Nianze na habari mbaya, maana hukupenda mtu azungukezunguke. Chungu chako cha maji mekundu kimeoshwa.

Ilikuwa siku ya kuanua tanga. Shangazi Kabula alikusanya vyombo vyako ili vigawiwe, na kwetu chombo cha marehemu hakigawiwi kabla ya kuoshwa. Akayamwaga yale maji, akasugua chungu kwa mchanga, akakisuuza kwa maji ya kisima. Nilipotoka ndani alikuwa amekifudikiza juani, huku analia. "Wifi yangu hakuwa mtu wa kuacha vyombo vichafu," akaniambia. Nikamsaidia kufudikiza vyombo vilivyobaki. Sikumwambia alichokimwaga, Mama. Alikuwa anakuheshimu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Msemo huo nimeusikia tangu utoto, ila haukuwahi kuniuma.

Kila kiangazi, majaruba ya chumvi yakishajaa, ulimimina humo kidogo kutoka chunguni. Ulisema maji yakiwa mekundu chumvi huwahi kukauka. Mengine uliyabakiza kwa ajili ya mwaka unaofuata, kama bibi alivyokufundisha. Sasa majaruba yetu nje ya Mhunze hayana rangi, na chumvi inachelewa. Nikienda kuyatazama ndipo ninapoamini kwamba umekufa.

Unakumbuka nilivyokueleza ule wekundu, tukikwangua chumvi? Nilisema ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo haviwezi kuishi bila chumvi nyingi. Kwenye utando unaovifunika kuna protini zinazosukuma nje chumvi inayozidi, na protini hizohizo husimama imara kwa sababu ya chumvi. Zikikutana na maji matamu hulegea, utando ukapasuka. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Kumbe wanakufa kwa kuogeshwa," ulisema.

Limebaki donge moja la chumvi yako. Ni lile ulilonifungia kwenye kipande cha khanga nilipohamia Geita, kwenye kazi ya kupima maji maabara. Ulinitania kwamba dhahabu haikolezi mboga. Ulilibonyeza likiwa bado bichi, na alama ya kidole gumba chako ikabaki juu yake. Sijawahi kulitumia. Ndani ya donge kama hilo hubaki vitone vya maji ya chumvi, na vijidudu vyako huweza kuishi humo muda mrefu. Lakini kuvitoa, lazima donge liyeyuke.

Nimekuwa nikilala nalo chini ya mto. Nimekukasirikia pia, Mama, kwa kuniachia jambo la namna hii niliamue peke yangu. Sina kitu kingine chenye alama ya mkono wako.

Leo asubuhi nimelitia kwenye chupa ya mdomo mpana yenye maji ya chumvi kali. Alama ya kidole ndiyo iliyotangulia kupotea. Nilitaka kuingiza mkono nilitoe. Chupa ipo dirishani kwangu hapa Geita, maji bado hayana rangi, na huenda yakachukua majuma kabla hayajaniambia chochote.

Pumzika, Mama. Yakigeuka mekundu nitayapeleka Mhunze, na Shangazi Kabula ndiye atakayeyamimina jarubani kwa mkono wake. Yasipogeuka, hatasikia neno kutoka kwangu kuhusu maji aliyoyamwaga. Nakuahidi, atazeeka akijua kwamba alikuoshea chungu chako vizuri.

Mwanao,
Milembe