Kambale Ulimngoja

Kwako uliyekuwa mume wangu,

Jana nilimdunga kambale sindano peke yangu. Aliniponyoka, nikakuita unishikie, halafu nikakumbuka hupo. Ulimi huu hausikii.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja Silibwet kuchuma majani chai, ukanioa, ukaiona chemchemi ya shambani ukasema tufuge samaki. Majirani walitucheka, nani afuge samaki kwa baridi hii? Kambale wakanenepa, wakajaa mayai, lakini hawakutaga. Ukanieleza kwamba bwawani hawaoni mafuriko yanayoamsha homoni zao, kwa hivyo lazima tuwaamshe sisi. Ukapasua kichwa cha mwingine, ukatoa tezi ndogo kama punje ya wimbi, ukaisaga kwa maji ya chumvi, ukamdunga jike mgongoni.

Halafu tukakosea. Ulihesabu saa za kungoja kama za kwenu ziwani, kwenye maji ya joto. Asubuhi ulipomkamua tumbo, ikatoka damu badala ya mayai, akakufia mikononi. Siku hiyo hata chai ulikataa. Aliyefuata ulikaa naye ukipima maji kwa mkono, nami nikisema huyu amekataa.

“Hajakataa,” uliniambia. “Maji ya huku ni baridi. Tumpe muda.”

Jioni mayai yakatiririka kwenye beseni, ukanikumbatia na harufu yako yote ya samaki. Sokoni Merigi wakaanza kuniita Mama Kambale. Wakati huo nilicheka.

Miaka ikapita, na mtoto wa kunipa jina lingine hakuja. Nikaanza kudungwa homoni mimi pia. Ulinisindikiza hospitalini, ukanitania njiani kwamba angalau mimi sitakamuliwa. Wee! Nilicheka mpaka watu wakageuka. Baadaye daktari akasema mayai yangu sasa yanakomaa vizuri, apimwe mume. Ulijibu huna shida, ukavaa kofia ukatoka. Mama yako akaja kututembelea, akaondoka nawe. Habari ya kwamba umeoa niliipata kwa watu.

Kambale ulimngoja, mimi ukashindwa kuningoja. Hilo linaniuma kuliko huyo mwanamke. Kuna siku nakuchukia kabisa, na kuna siku najikuta nimekumiminia chai. Moyo wangu umevunjika, na sioni haya kusema.

Wiki hii dada yako alinipigia simu. Alisema mke wako naye hajashika mimba, na mama yako ameshaanza kumwita tasa. Nilikaa ukingoni mwa bwawa nikalia, na safari hii sikukulilia wewe. Nilimlilia huyo msichana nisiyemjua, anayemeza dawa na kujiuliza amekosea wapi. Najua vile usiku wake ulivyo mrefu.

Sikuandikii ili urudi. Hayo yameisha, ingawa yaliisha kwa maumivu. Nakuomba jambo moja, nawe unajua mimi si mtu wa kuombaomba. Nenda ukapimwe. Hukuweza kwa ajili yangu, basi fanya kwa ajili yake. Na majibu yakitoka, mwambie yeye kwanza, kabla ya mama yako.

Ubaki salama huko uliko.

Mimi,
mke wako wa kwanza.